"Hata Maji?": Maneno 10 Anayorushiwa Binti Mkamba, Mwislamu, Mwanafunzi wa Uhandisi

Nasomea uhandisi wa maji na ujenzi, na kwetu ni Kitui. Likizo hukaa kwa nyanya yangu, ambaye nyumba nzima tunamwita Susu kwa Kikamba. Mafunzo ya nyanjani niliyafanyia Makueni, ng'ambo ya Mto Athi. Kwa hiyo maisha yangu ni matatu, vumbi jekundu na begi lenye vitu vitatu visivyokosa: kikokotoo, msala uliokunjwa na kikombe cha plastiki. Kikombe hicho kina habari yake, tutafika.

Popote ninaposhuka, hijabu kichwani na kofia ngumu mkononi, lazima mtu anirushie neno. Mengine ni mzaha, mengine ni swali la kweli, na mengi ni yote mawili kwa pamoja. Nami sichoki kujibu, maana anayeniuliza anataka kunijua. Haya hapa 10, tukihesabu kurudi nyuma, kuanzia lile ninalojibu nikitembea hadi lile lililonikalisha chini.

10. "Mkamba na Uislamu, wapi na wapi?"

Hili huja ndani ya matatu, nauli haijakusanywa. Jibu langu: hapo hapo penye Mkamba na safari. Wazee wetu walikuwa wafanyabiashara wa masafa kabla ya reli na kabla ya lami. Katika karne ya 19 misafara yao ilishuka hadi Mombasa na pembe za ndovu, ikapanda na nguo na shanga. Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui, ndiye aliyempokea Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, na ilikuwa Kitui, Desemba 1849, ambapo Krapf aliuona Mlima Kenya. Sasa watu wanaokwenda pwani na kurudi, mizigo yao si shanga peke yake. Hurudi na maneno, hurudi na mapishi, na wengine wakarudi na shahada. Waswahili nao wakapanda bara, wakafungua maduka, wakaoa, wakazikwa huku huku.

Wanaotaka ushahidi wa karibu huwaelekeza barabara ya Mombasa, pale Sultan Hamud. Mji huo una jina la Hamoud bin Mohammed, aliyekuwa Sultani wa Zanzibar kutoka 1896 hadi 1902, miaka ile ile reli ilipokuwa ikisukumwa kuelekea Nairobi.

"Kumbe mwenye mji ni wenu!" makanga mmoja alinitania.

"Mji ni wetu sote," nikamwambia. "Jina ndilo lililoshuka kwenye treni."

9. "Tena unaenda kusali?"

Mwenzangu wa chumbani ni Mkristo wa kanisa la AIC, mwimbaji wa kwaya, na mtu wa hesabu kama mimi. Mwaka wa kwanza alikuwa akinihesabia.

"Si umesali sasa hivi?"

"Hiyo ilikuwa adhuhuri."

"Na hii?"

"Alasiri."

"Na ukitoka hapo?"

"Magharibi. Halafu isha. Halafu nilale, uniamshe alfajiri."

Nilisema kwa mzaha, naye akalichukua kwa uzito. Yeye hulala usingizi mwepesi, na siku hizi ndiye anayenigusa bega adhana ikilia.

Nimemweleza kwamba sisi wa Kitui tumerahisishiwa. Tuko nyuzi 1 na kidogo tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua letu halina mambo mengi. Mwaka mzima adhuhuri huzunguka saa sita na nusu, na nyakati za sala husogea kwa takriban nusu saa, basi. Mwislamu wa London huliona jua likizama kabla ya saa kumi alasiri mwezi Desemba, na baada ya saa tatu usiku mwezi Juni. Huko ratiba ya sala hufuatiliwa kama ratiba ya ndege. Huku kwetu saa yenyewe ya Kiswahili imefungwa kwenye jua: likichomoza tunakaribia saa moja asubuhi, likizama tunakaribia saa moja usiku. Lugha ilishapanga ratiba, mimi naifuata tu.

"Amka," huniambia gizani. "Mungu wako anaita."

"Mulungu ni mmoja," humjibu kwa Kikamba, nikitafuta ndara.

"Ndiyo. Lakini mimi ataniita Jumapili."

8. "Injinia, hebu nitengenezee hii redio."

Tangu barua ya kuitwa chuoni ifike, nimeletewa redio, pasi, taa za sola, simu iliyoanguka kwenye ndoo na saa ya ukutani iliyosimama. Mara ya kwanza nilieleza kwamba fani yangu ni maji na zege. Susu akaniangalia: "Mtoto anayeweza kuuzuia mto, atashindwa na waya?"

Nikaifungua ile redio. Chuma cha betri kilikuwa na kutu. Nikakisugua kwa msasa, ikaimba.

Baadaye nilisoma habari za Ismail al-Jazari, aliyekamilisha kitabu chake cha mitambo mwaka 1206. Mtu huyo alibuni mashine za kuinua maji na pia akatengeneza saa za ajabu, mwili mmoja, karakana moja. Kwa hiyo kijiji kina haki yake. Mhandisi ni mtu anayekubali kufungua kifuniko na kutazama ndani. Leteni redio.

7. "Utakula nini huku?"

Swali la mama wa kibanda, tena kwa huruma ya kweli. "Mama, mimi ni wa Kitui. Nipakulie muthokoi." Mahindi yaliyotwangwa yakavuliwa ganda, yakachemshwa na kunde au maharagwe hadi yakalainika: hapo hakuna la kumuuliza sheikhe. Ndengu na chapati vilevile. Nyama ndiyo yenye mazungumzo. Huuliza nani amechinja, na mara nyingi mwenye buchari hunitajia mzee ninayemwona msikitini kila Ijumaa.

Ila kuna mlo mmoja ninaouweka juu ya yote. Pale Makindu, kando ya barabara kuu, pana hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926 na jamaa za watu walioletwa na kazi ya reli. Mpaka leo msafiri yeyote akiingia hulishwa bure: chapati, dengu, mboga, chai ya maziwa. Nyama haiingii kabisa, kwa hivyo roho yangu ilitulia. Mlangoni unaombwa uvue viatu na ufunike kichwa. Mzee aliyekuwa akiwapokea wageni alinitazama, nimeshika viatu mkononi na hijabu yangu kichwani, akacheka hadi ndevu zikatikisika.

"Wewe umekuja tayari," akasema.

Nilikaa sakafuni na madereva wa malori na mama mwenye watoto wawili, nikala nikashiba. Hakuna aliyeniuliza jina. Nimefundishwa sadaka tangu madrasa, na siku hiyo nilifundishwa tena, sahani mkononi.

6. "Hiyo kofia itakaa vipi juu ya hijabu?"

Inakaa vizuri sana, na wasichana wanaonifuata wasikilize. Vaa hijabu ya kushonwa inayoingia kichwani moja kwa moja, bila pini hata moja, kwa sababu kofia ikigongwa, pini huelekea kwenye ngozi. Ncha zote ziingize ndani ya kola, maana mashine ya kukorogea zege haina huruma na kitambaa kinachopepea. Kisha legeza mkanda wa nyuma wa kofia, meno mawili, ukaze tena. Inama, tikisa kichwa. Isipodondoka, ingia kazini.

Siku yangu ya kwanza kwenye mjengo, Makueni, fundi mkuu alinizunguka kama anayekagua ukuta.

"Binti yangu, hicho kitambaa kitatuletea shida."

"Fundi, kitambaa changu kimefungwa. Kamba ya kiatu chako je?"

Akatazama chini. Akainama, akaifunga. Kuanzia siku hiyo ukaguzi wa usalama wa asubuhi aliniachia mimi, na aliniita Injinia mbele ya vibarua wote, kabla chuo hakijaniita hivyo.

Na kama kuna anayedhani mwanamke wa Ukambani ni mgeni kwenye kazi nzito, Nyiva Mwendwa wa Kitui alikuwa mwanamke wa kwanza kuingia baraza la mawaziri la Kenya, mwaka 1995. Charity Ngilu, wa Kitui pia, aliwahi kuwa waziri wa maji, kisha mwaka 2017 akachaguliwa gavana. Na hata kabla ya hao, ni nani aliyekuwa akibeba maji?

5. "Kibla iko upande gani hapa?"

Hili huulizwa na Waislamu wenzangu wakifika ugenini, nami hulipenda kuliko mtihani wowote. Kwa Kitui na Makueni kibla ni karibu kaskazini kamili, ikivutwa kidogo kwenda mashariki, nyuzi 4 hadi 5. Makka iko mbali nasi kilomita 2,500 na ushei, na karibu zote ni za kupanda kaskazini.

Hesabu ni tamu, lakini jua ni tamu zaidi. Kila Mei 28, saa sita na dakika 18 mchana, jua husimama juu kabisa ya Al-Kaaba. Hurudia Julai 16, saa sita na dakika 27. Mwaka mrefu hutangulia siku moja. Saa zetu na za Makka ni moja, kwa hiyo huna cha kugeuza. Dakika hiyo, chochote kilichosimama wima Kitui hutupa kivuli chake kuipa Al-Kaaba mgongo. Geuka ukifuate kivuli kuelekea kwenye fimbo: hapo ndipo.

Nilifanya hivyo uani kwa Susu. Fimbo ya mita 1, nimeinyoosha kwa timazi, ile kamba yenye kizito cha shaba anayotumia mwashi kuona kama ukuta umesimama. Susu alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua ndengu. Yeye husali akielekea mwembe mkubwa wa mbele ya nyumba, kwa sababu mkwewe alimwonyesha hivyo siku alipoolewa, na hajawahi kubadilisha.

Dakika ilipofika nikaweka alama kwenye ncha ya kivuli. Sentimita 42, kama nilivyokuwa nimepiga hesabu. Nikafunga uzi kutoka kwenye alama, ukapita kwenye fimbo, nikauvuta mbele, mbele, mpaka ukagota kwenye gome.

"Umefika wapi?" akauliza, bila kuinua macho.

"Kwenye mwembe, Susu."

"Upande gani wa mwembe?"

"Katikati."

Akatupa kokoto moja aliyoikuta kwenye ndengu. "Basi mkwe wangu alikuwa injinia."

4. "Maji haya ni ya kunywa, wewe unaoshea miguu?"

Hapa ndipo kikombe changu kinapoingia. Niliambiwa hivi kwenye kioski cha maji, mwezi wa Septemba, foleni ya mitungi ikiwa imefika barabarani. Mama aliyeuliza alikuwa ametembea na punda wake tangu alfajiri. Punda hubeba mitungi 4 ya lita 20, yaani kilo 80 za maji, na mama hutembea kando yake akimpigia mluzi. Ukitoka katika nyumba kama hiyo, una haki ya kukasirika ukiona mtu ananyanyua mguu.

Sikumhubiria. Nilimwonyesha kikombe.

Mtume, kwa mapokezi sahihi, alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji. Mudi ni ujazo wa viganja viwili vilivyokutanishwa, kama lita 0.7. Na mudi nne hufanya pishi moja. Msomaji wa Kiswahili atashtuka kidogo hapa, maana pishi yetu ni vibaba vinne. Kwa maneno mengine, kile kibaba cha methali, kile kinachojazwa na haba na haba, ndicho kipimo cha udhu. Methali tumeisema maisha yetu yote, na maji yake yalikuwa mle mle ndani.

Nikatawadha mbele yake kwa kikombe hicho kimoja. Mikono, mdomo, pua, uso, mikono hadi viwiko, kichwa kwa unyevu wa vidole, miguu. Maji ya miguu niliyaelekeza kwenye shina la mpapai.

"Yaani mtungi mmoja ungekutosha mara ngapi?" akauliza. Tayari alikuwa amelainika.

"Mara 28."

"Siku tano nzima na zaidi!" Kisha akamgeukia kijana wake aliyekuwa akisukutua meno huku bomba likimwagika. "Umesikia? Na wewe unamaliza mtungi kwa mswaki!"

Na siku ambayo hata kibaba hakipo, dini imeruhusu kutayamamu kwa udongo safi. Nikiwa katika nchi hii kavu naliona jambo hilo kuwa upole mkubwa. Aliyeweka sala aliwajua pia watu wa Kitui mwezi wa Septemba.

3. "Hata maji?"

Kila Ramadhani, kila mjengo, bila kukosa.

"Chakula hapana, sawa. Lakini maji?"

"Hata maji."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Hata ya kusukutua?"

"Kusukutua ruhusa. Kumeza hapana."

"Aaa, nyinyi mna roho!"

Nilifunga Makueni mwezi wa Machi, jua likiwa limekaa juu ya mabati kama chuma cha pasi. Sikuwaomba vibarua chochote, lakini kufikia siku ya tatu niliona dramu ya maji ya kunywa imehamishwa nyuma ya stoo. Walikuwa wakienda kunywea huko, mmoja mmoja, nisiwaone. Nikamwambia fundi waache, haitaniudhi. "Najua haitakuudhi," akasema. "Itatuudhi sisi." Jioni aliniletea embe lililochelewa msimu, kubwa, limeiva hadi utomvu umeganda kwenye kikonyo. Makueni ni kaunti ya maembe. Ina hata kiwanda chake cha matunda pale Kalamba. Nilifuturu kwa tende moja na embe hilo, nimeketi juu ya tofali, mkono ukinitiririka.

Lakini jibu lililonizima si la mjengo. Ni la jirani yake Susu, mama mzee wa kanisa. Naye aliniuliza hata maji, nikamjibu hata maji. Akanyamaza kidogo, akasema: "Mwanangu, mimi mwaka ule nilifunga maji tangu Juni hadi Oktoba. Na hakuna aliyenipikia Idi."

Hakusema kwa uchungu. Alikuwa akinisimulia tu. Ukambani miezi hiyo hainyeshi, na vuli ikikosa, ni mwaka mwingine. Kiu yangu ina adhana ya kuimaliza. Kiu yake haikuwa na saa. Nilielewa pale kwamba mfungo ulikuwa umenifundisha nusu tu ya somo. Nusu ya pili ni kuuliza yule jirani atafuturu lini, na kwa maji ya nani.

Idi ile tulimpelekea pilau, na mtungi.

2. "Kama Mungu amekwisha kukadiria, mbona unapiga hesabu mara mbili?"

Saa sita ya usiku, chumba cha kusomea, mwanafunzi mwenzangu anachungulia daftari langu. Nilikuwa nakokotoa boriti. Kanuni tulizofundishwa zinataka mzigo wa kudumu, yaani uzito wa jengo lenyewe, uzidishwe kwa 1.4, na mzigo unaokuja na kuondoka, yaani watu na vyombo, uzidishwe kwa 1.6, kabla hujachora hata nondo moja. Ndiyo akiba ya usalama. Wewe unadhani utapakia hiki, uhandisi unakwambia jiandae kwa zaidi, maana huijui siku ya harusi itakayojaza ukumbi.

Swali lake lilinikaa. Likizo ilipofika nikampelekea maalim wangu wa madrasa, mzee mwenye baiskeli: "Maalim, je, kuzidisha namba hizi si kukosa imani?"

Akanikumbusha habari ya yule Bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kumfunga, kwa kuwa anamtegemea Mungu, naye Mtume akamwelekeza amfunge kwanza, kisha ategemee. Halafu akatazama nje, kwenye njia ya mtoni. "Ila huku kwetu ngamia wachache. Wewe funga punda."

Anayeishi Kitui anajua maana ya punda kupotea usiku na mitungi mgongoni. Hiyo ni familia nzima bila maji kesho yake.

Njiani nikirudi niliyageuza maneno yenyewe. Kadari, kadiri, kukadiria, makadirio: ukoo mmoja. Mwenyezi Mungu amekadiria kila kitu kwa kipimo, na fundi hukaa chini na karatasi yake akaandika makadirio ya saruji, kokoto na mchanga. Mimi sioni ugomvi kati ya neno la msikitini na neno la mjengo. Naona mtu mdogo akijaribu kuwa mwaminifu kwa vipimo alivyovikuta. Mwenye kupunguza saruji ili abaki na chenji mfukoni, huyo ndiye mwenye tatizo la imani.

1. "Ukimaliza unaenda Nairobi, ama Qatar?"

Hili huulizwa kama baraka. Anayeuliza ananitakia mema: mshahara, ndege, nyumba ya mawe kwa Susu. Na wanaokwenda nawaombea heri, wengi wao wanalea nyumba zao kutoka huko. Kwa muda mrefu nilikuwa nikijibu "Mungu akipenda" na kubadilisha mazungumzo. Sasa nina jibu.

Tuna mito Ukambani isiyo na maji. Ni mito ya mchanga, mipana, myeupe, inayofurika siku chache za mvua na kukauka. Mgeni hupita akasema mto umekufa. Mtoto wa Kitui hupiga magoti akachimba kwa mikono. Maji yapo chini. Mabwawa ya mchanga yanatokana na ujuzi huo wa kale. Unajenga ukuta wa mawe na saruji kukata mto, msingi wake umekaa juu ya mwamba. Mafuriko yakija, mchanga mzito hutua nyuma ya ukuta na tope jepesi hupita juu. Misimu ikienda, nyuma ya ukuta panajaa mchanga, na kati ya chembe na chembe panajaa maji: robo hadi thuluthi ya ujazo wote. Bwawa la wazi huku hupigwa na jua linaloweza kunyonya karibu mita 2 za maji kwa mwaka. Chini ya mchanga jua halifiki, ng'ombe hachafui, mbu hapati pa kutagia.

Joshua Mukusya alianza kujenga mabwawa ya mchanga na kikundi cha Utooni, Machakos, mwaka 1978. Shirika la SASOL lilianzishwa mwaka 1990, na limejenga na wananchi mamia ya mabwawa hayo Kitui. Makueni ilitunga sheria ya kulinda mchanga mwaka 2015, maana lori linalozoa mchanga mtoni linazoa na kisima. Hatukosi miradi mikubwa: Thwake, mahali Mto Thwake unapokutana na Athi, bwawa lililoanza kujengwa 2018, limekusudiwa kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo milioni 680. Naliheshimu. Lakini kati ya Thwake na kikombe cha jirani yake Susu pana vijito vingi visivyo na ukuta, na kila kimoja kinahitaji mtu wa kukipima.

Likizo moja kikundi chetu cha mwethya kilijenga. Mwethya ni kazi ya pamoja ya Wakamba: leo kwako, kesho kwangu, na juu ya mto, kwetu sote. Wanawake walikuwa wengi. Walipanga mstari kutoka kilimani wakapitishiana mawe kwa mikono huku wakiimba nyimbo za kanisani, nami katikati ya mstari nikipokea na kupitisha. Kazi yangu nyingine ilikuwa kulala kifudifudi kwenye mtaro wa msingi na kugonga kwa nyundo hadi nisikie mlio mkavu wa mwamba kutoka ukingo hadi ukingo. Maji yakipata mwanya chini ya ukuta au ubavuni mwake, kazi yote huenda na mto. Sehemu moja nyundo ililia butu.

"Tuchimbe tena," nikasema.

Jua lilikuwa utosini. "Injinia, hapo si panatosha?"

"Hapana. Tumfunge punda."

Wakacheka, wakachimba. Nusu mita zaidi, mwamba ukalia.

Tumefundishwa kwamba mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa chache, na mojawapo ni sadaka yenye kuendelea. Maalim hupenda kutoa mfano wa kisima. Nilipokuwa nimelala kwenye mtaro ule, mchanga mdomoni, niliwaza kwamba ukuta ukisimama juu ya mwamba wake, kila mvua itakayokuja itaongeza hesabu ya kila aliyepitisha jiwe.

Vuli mbili zilipita. Nilirudi mwezi wa Septemba, mwezi ule ule wa foleni na hasira. Juu ya mto mchanga ulikuwa umejaa hadi ukingo wa ukuta, mkavu, mweupe. Wanawake walikuwa wamechimba shimo la kina cha mkono mmoja, na chini yake palikuwa na maji, yametulia, yakiakisi kipande cha mbingu. Jirani yake Susu, yule mama wa kanisa, ndiye aliyekuwa akichota. Adhuhuri ilikuwa imeingia. Nikatoa kikombe, nikasimama nyuma ya foleni.

"We Injinia, lete hapa hicho kibaba chako," akaita.

"Mama, mtungi wako haujajaa."

"Utajaa." Akakijaza, akanipokeza kwa mikono miwili. "Wewe nenda ukasali. Sisi tuko hapa, na maji yako hapa."